Tundu au Dirisha? Kufuli za Video na Haki ya Kunukuu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii humhimiza mtu arekebishe kasoro ndogo kabla haijawa hasara kubwa, nayo ni kweli tupu kwa mwenye nyumba anayekagua ukuta wake mwenyewe. Hata hivyo, methali haisemi lolote kuhusu mtu anayelitazama dirisha la jirani, akaliita ufa, kisha akaliziba kwa matofali jirani akiwa ndani. Hivyo ndivyo kampuni kubwa za filamu na za vifaa vya elektroniki zilivyofanya kati ya mwaka 2006 na mwaka 2013, zilipoamua kuzuia video za ubora wa juu zisipite katika nyaya za analogi. Makala haya yanashikilia kwamba uamuzi huo haukumzuia mwizi wa filamu. Ulimpokonya mnunuzi mwaminifu sehemu ya alichokilipia, na ukampokonya msomi nyenzo ya kunukuu. Yanashikilia pia kwamba majina yaliyotumiwa kuueleza uamuzi huo yalisaidia kuuhalalisha, na hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana neno la kusema.

Waya na kufuli

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Runinga za ubora wa juu zilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1998. Picha kamili ya runinga hizo ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Katika miaka hiyo ya mwanzo, njia ya kawaida ya kuifikisha picha kwenye runinga kutoka katika king'amuzi au kicheza diski ilikuwa nyaya tatu za analogi zenye ncha za kijani, buluu na nyekundu. Ndani ya nyaya hizo, picha husafiri kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka kulingana na mwanga na rangi. Mawimbi hayo hayana siri. Runinga yoyote yenye soketi tatu zinazofaa huyapokea, na kinasa chochote kinachoyaelewa chaweza kuyahifadhi.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vilitangazwa viwango vya kwanza vya HDMI, waya mmoja wa dijitali unaobeba picha na sauti kwa pamoja. Waya huo ulikuja na mlinzi. Mfumo wa HDCP, uliobuniwa na kampuni ya Intel, huvilazimu vyombo viwili vitambuane kabla ya picha kupita: kicheza diski huitaka runinga ithibitishe kuwa imeidhinishwa, na isipothibitisha, kioo hubaki cheusi au ubora wa picha hushushwa. Aidha, picha yenyewe husafiri ikiwa imesimbwa, hivyo kwamba anayeidaka njiani haambulii chochote cha kutazamika.

Wenye filamu walipoitathmini hali hiyo waliona kwamba mlango wa mbele umetiwa kufuli ilhali wa nyuma ungali wazi. Ile njia ya nyaya tatu wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni "tundu la analogi". Tangu siku hiyo mjadala wote ukawa ni mjadala wa jinsi ya kuliziba tundu. Ni wachache waliojiuliza iwapo kweli lilikuwa tundu.

Jinsi njia ilivyozibwa

Jaribio la wazi lilifanywa bungeni. Mnamo Desemba 2005, wabunge James Sensenbrenner na John Conyers waliwasilisha katika Bunge la Wawakilishi la Marekani mswada uliokusudia kuvilazimu vifaa vinavyogeuza video ya analogi kuwa ya dijitali vitambue na kutii alama za kuzuia unakili. Mswada huo haukupitishwa kuwa sheria. Kilichoshindikana mbele ya macho ya umma kikapatikana katika mikataba ya kibiashara ambayo mnunuzi wa kawaida hakuiona wala kuitia sahihi.

Mikataba hiyo ilihusu mfumo wa kufuli uitwao AACS. Waasisi wake walikuwa kampuni nane: Disney, Warner Bros., Sony, Toshiba, Panasonic, IBM, Intel na Microsoft. Diski za HD DVD na za Blu-ray zilizoingia sokoni mwaka 2006 zililindwa kwa mfumo huo, na kiwanda chochote kilichotaka kutengeneza chombo cha kuzicheza kilihitaji leseni. Leseni ndiyo iliyobeba masharti, na masharti yaliyoihusu njia ya analogi yalikuwa mawili makuu.

Sharti la kwanza lilihusu alama ndogo inayoweza kufichwa ndani ya diski. Kicheza diski kikiikuta alama hiyo, sharti kiibane picha inayotoka kwa nyaya za analogi hadi pikseli 960 kwa 540. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba hiyo ni robo ya picha kamili. Ubeti wa tarbia una mishororo minne. Anayepewa robo yake amepewa mshororo mmoja. Hata kama mshororo huo umechapwa kwa wino mzuri, hakuna mhakiki atakayekubali kuambiwa kwamba amepewa shairi. Ni kweli kwamba studio kubwa zilijizuia kuitumia alama hiyo katika miaka ya mwanzo, kwa kuwa zilijua mamilioni ya runinga zilizokwisha kuuzwa hazikuwa na njia nyingine ya kupokea picha kamili. Hata hivyo, kujizuia si kuachilia. Upanga ulioning'inizwa juu ya meza humtisha mlaji hata kama haujaanguka.

Sharti la pili halikumwachia mtu yeyote hiari. Vicheza diski vipya vilivyotengenezwa baada ya tarehe 31 Desemba 2010 vilitakiwa vitoe kwa nyaya za analogi picha ya ubora wa kawaida tu, ile ya zama za kanda za video, kila vilipocheza diski zenye kufuli hiyo. Miundo iliyokuwapo sokoni iliongezewa mwaka mmoja. Baada ya tarehe 31 Desemba 2013, kicheza diski chochote kinachopitisha filamu hizo kwa analogi hakikuruhusiwa tena kutengenezwa wala kuuzwa. Mpango huu ulipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni "machweo ya analogi".

Serikali nayo ilitia mkono. Sheria za mawasiliano za Marekani zilikuwa zimewakataza watoa huduma za runinga za kulipia, tangu mwaka 2003, kuzima baadhi ya njia za kutolea picha katika ving'amuzi vya wateja. Mnamo Mei 2010, idara ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliikubalia MPAA, chama cha studio kuu za filamu, ombi la kuondolewa katazo hilo kwa filamu mpya ambazo bado hazijatolewa kwa diski, kwa muda usiozidi siku 90 kwa kila filamu. Jambo la kushangaza ni kwamba chini ya mwaka mmoja kabla ya hapo, matangazo ya runinga ya analogi yalipozimwa nchini humo tarehe 12 Juni 2009, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwagawia raia kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila kaya, wanunue vifaa vya kuziwezesha runinga kuukuu ziendelee kutumika. Mkono mmoja ulikuwa ukizihuisha runinga za zamani na mwingine ukizinyima picha.

Hoja ya wenye filamu

Haki inadai kwamba upande wa pili usikilizwe. Kutengeneza filamu ni kazi ya mamia ya watu na ya fedha nyingi. Nakala ya kanda ya video ilikuwa ikififia kila inaponakiliwa upya; nakala ya dijitali haififii, na ile ya elfu ni sawasawa na ya kwanza. Studio zilikuwa zimeona kilichoipata tasnia ya muziki baada ya mwaka 1999, pale mamilioni ya watu walipoanza kubadilishana nyimbo mtandaoni bila malipo. Mwaka huohuo wa 1999 ilisambazwa programu ya DeCSS iliyovunja kufuli ya DVD. Si ajabu basi kwamba waliamua kulinda kila pembe.

Wala hofu hii haikosi mizizi huku Afrika Mashariki. Watayarishaji wa Riverwood, tasnia iliyopata jina lake kutokana na River Road jijini Nairobi, wanaijua vyema hasara ya kuona kazi zao zikinakiliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa kabla gharama hazijarudi. Anayepuuza kilio cha msanii kwa kisingizio cha uhuru wa mtazamaji hajui kwamba msanii akifa njaa mtazamaji naye hatakuwa na cha kutazama.

Hata hivyo, kukubali kwamba ugonjwa upo si kukubali kila dawa. Historia inaonyesha kwamba studio zimewahi kuogopa kisichofaa kuogopwa. Zilipoishtaki kampuni ya Sony kwa sababu ya mashine ya Betamax, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 17 Januari 1984, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji hakimiliki. Mashine iliyotabiriwa kuua sinema ikawa mlango wa mapato makubwa, kwa kuwa studio hizohizo ziligundua kwamba watu wako tayari kununua na kukodi kanda. Lau mahakama ingekubali hofu ya siku hiyo, wenye filamu wenyewe wangekosa riziki waliyoipata kwa zaidi ya miongo miwili.

Mwizi alipita wapi?

Swali la kimsingi ni hili: kuziba njia ya analogi kulimzuia nani? Jibu linapatikana kwa kuzitazama tarehe. Funguo za kufungulia filamu zilizolindwa kwa AACS zilianza kusambaa mtandaoni mwaka 2007, diski hizo zikiwa hazijamaliza hata miaka miwili sokoni. Mnamo Septemba 2010, ufunguo mkuu wa HDCP, yaani mlinzi wa waya wa HDMI, ulichapishwa hadharani, na kampuni ya Intel ikathibitisha kwamba ni wa kweli. Miezi mitatu baadaye, tarehe 31 Desemba 2010, ndipo mlango wa analogi ulipoanza kufungwa.

Maana yake ni bayana. Kufikia siku ambayo nyaya tatu zilikatazwa kubeba picha kamili, aliyekusudia kuiba alikuwa na njia ya dijitali iliyo nyepesi zaidi na isiyopunguza ubora hata kidogo. Kunakili kwa analogi kulimtaka akae akingoja filamu nzima icheze, anunue kifaa cha kunasa, kisha apate nakala iliyopungua ubora. Ni mwizi gani anayepanda ukuta ilhali lango liko wazi? Aliyebaki nje ni yule aliyenunua runinga yake kwa fedha halali mwaka 2000 au 2001, akaambiwa kwamba ni ya ubora wa juu, na baada ya miaka kumi akagundua kwamba vicheza diski vipya havitaipa tena picha hiyo. Runinga haikuharibika. Waya haukukatika. Kilichobadilika ni mkataba kati ya watu wengine.

Isitoshe, baadhi ya kampuni zilizotia sahihi masharti hayo ziliendelea kuuza vifaa vya njia ya zamani. Microsoft, mmoja wa waasisi wa AACS, iliuza mashine ya michezo ya Xbox 360 kuanzia Novemba 2005 bila soketi ya HDMI. Soketi hiyo ilikuja mwaka 2007. Mnunuzi angejuaje kwamba soketi aliyouziwa jana na muuzaji anayejua yote ilikuwa imekwisha kuhukumiwa?

Mwalimu mbele ya kioo

Madhara ya kufuli hizi hayakomei sebuleni. Yanafika darasani, na hapa ndipo wasomi wa lugha na fasihi wanapaswa kutega sikio. Uhakiki hauwezekani bila kunukuu. Mhakiki wa ushairi anayedai kwamba mshairi amevunja mizani huuweka ubeti mbele ya msomaji, msomaji akahesabu silabi na kujionea. Haombi ruhusa ya mchapishaji ili anukuu mishororo miwili, kwa kuwa sheria za hakimiliki za nchi nyingi zimeutambua uhakiki kuwa matumizi halali. Kalamu na karatasi ndizo "njia ya analogi" ya mhakiki wa maandishi. Hakuna aliyewahi kuziita tundu.

Mhakiki wa filamu hana kalamu ya namna hiyo. Anayetaka kuonyesha jinsi mwelekezi alivyotumia kivuli, au jinsi mhusika alivyokunja uso kabla ya kusema uongo, hana budi kukitoa kipande chenyewe na kukicheza mbele ya wanafunzi. Vivyo hivyo, mhadhiri wa fasihi simulizi anayefundisha utendaji hawezi kutosheka na maneno ya mtambaji yaliyoandikwa. Mkono ulioinuliwa, kimya kilichowekwa na kicheko cha hadhira ni sehemu ya matini. Kumpa mtu huyo robo ya picha ni sawa na kumruhusu mhakiki wa ushairi anukuu ubeti ulioondolewa vina.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika zama za dijitali iliharamisha kuvunja kufuli za kazi za sanaa, lakini ikaacha nafasi ya maombi ya msamaha kila baada ya miaka mitatu. Mnamo Mei 2009, Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ilisikiliza hoja kuhusu iwapo walimu waruhusiwe kuifungua kufuli ya DVD ili wapate vipande vifupi vya kufundishia. MPAA ilipinga. Ili kuthibitisha kwamba walimu hawahitaji kuvunja kufuli, wawakilishi wake walionyesha video ya mtu akiirekodi filamu kwa kamera iliyoelekezwa kwenye kioo cha runinga.

Tukio hilo linastahili kutafakariwa kwa makini. Kurekodi kioo kwa kamera ni njia ya analogi katika umbo lake duni kabisa. Chama ambacho mwaka uliotangulia kilikuwa kimeiomba FCC iruhusu njia za analogi zizimwe kwa sababu ni hatari, sasa kilikuwa kikimwelekeza mwalimu kwenye njia ya analogi kwa sababu inamtosha. Basi ilikuwa ni tundu la wezi au dirisha la walimu? Haiwezekani iwe tundu siku ya Jumatatu na dirisha siku ya Jumanne kwa kutegemea ni nani anayeomba nini. Kilichodhihirika ni kwamba aliyelipa jina hakuliamini jina lake mwenyewe.

Mwezi Julai 2010 walimu walisikilizwa: maprofesa wa vyuo na wanafunzi wa filamu waliruhusiwa kuifungua kufuli ya DVD ili wapate vipande vifupi vya uhakiki. Ruhusa hiyo haikuzihusu diski za Blu-ray. Hizo zilisubiri hadi mwaka 2015. Kwa hivyo, katika miaka ileile ambayo njia ya analogi ilikuwa ikifungwa, mwalimu aliyetaka picha ya ubora wa juu hakuwa na mlango wa dijitali ulioidhinishwa. Alifungiwa kotekote.

Nguvu ya majina

Wanaisimu wanafahamu kwamba kulipa jambo jina ni kulitolea hukumu. "Tundu" ni kasoro. Hupatikana penye uchakavu, na mtu mwenye busara huliziba bila kuuliza. Neno hilo linamfanya msikilizaji asahau kwamba nyaya za analogi zilikuwapo kabla ya kufuli, na kwamba ziliundwa kwa makusudi ili picha ipite. Njia iliyotangulia haiwezi kuwa upungufu wa kufuli iliyofuata. Anayejenga ua baada ya watu kupita mahali kwa miaka ishirini hawezi kuiita njia yao tundu la ua wake.

"Machweo" nayo ni istiari ya hila zaidi. Jua huchwa lenyewe. Hakuna anayelaumiwa kwa machweo, wala hakuna anayeombwa ayaahirishe. Ukweli ni kwamba "machweo" haya yaliandikwa tarehe na saini katika mkataba wa leseni. Hilo halikuwa jua lililozama, bali jua lililozamishwa, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kiini cha kadhia nzima. Kiswahili kimejaaliwa mnyambuliko unaomtaka msemaji aeleze bayana kama jambo lilitukia au lilitendwa. Wanaotafsiri istilahi za teknolojia wakizibeba istiari hizi kama zilivyo, watakuwa wamebeba pia hukumu ya upande mmoja bila kuulizwa. Istilahi kama "njia ya analogi" na "ukomo wa analogi uliowekwa na leseni" zina ukavu wake, lakini angalau hazimfichi mtendaji.

Mwangwi wake nchini Kenya

Huenda msomaji akauliza kwamba ugomvi wa nyaya za Marekani unamhusu vipi mwanafunzi wa Kenya. Unamhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, uhakiki na mapitio, mradi mwandishi atajwe. Sheria hiyohiyo inaharamisha kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi. Mkono mmoja unampa msomi ruhusa ya kunukuu, mwingine unamnyang'anya ufunguo. Kadiri kazi nyingi zinavyotolewa zikiwa nyuma ya kufuli, ndivyo ruhusa ile inavyozidi kuwa maneno matupu.

Pili, mfano mwema. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, mamilioni ya watu hawakulazimika kutupa runinga zao za zamani, kwa kuwa ving'amuzi vya kawaida vilikuwa na nyaya za analogi za manjano, nyekundu na nyeupe. Uhamiaji huo ulikuwa na kelele na kesi zake mahakamani, lakini unathibitisha kwamba teknolojia mpya inaweza kuingia bila kuifukuza ya zamani. Tekinolojia ya dijitali haidai kifo cha analogi. Kinachokidai ni mkataba.

Tatu, hali ya leo. Diski zimefifia na watazamaji wengi sasa hupokea filamu moja kwa moja mtandaoni, lakini kanuni iliyoziba nyaya ingali hai. Simu isiyo na kiwango cha juu cha mfumo wa ulinzi wa Widevine hupewa na huduma kubwa za filamu picha ya ubora wa kawaida, hata kama kioo chake kinaweza kuonyesha zaidi na hata kama mwenyewe amelipa ada. Intel ilipoondoa teknolojia iitwayo SGX katika vichakataji vyake vya kizazi cha 11 na cha 12 vya tarakilishi za kawaida, tarakilishi hizo mpya zilishindwa kucheza diski za Ultra HD Blu-ray ambazo za zamani ziliweza. Waya wa analogi ulikuwa wa kwanza tu kuonja kanuni hii: mtu analipa, kisha chombo chake kinachunguzwa kama kinaaminika.

Yapasayo kutendwa

Anayelaumu bila kupendekeza huacha kazi nusu. Mambo manne yanafaa kuzingatiwa na watunga sheria, na vyama vya kitaaluma vya Kiswahili vina haki na wajibu wa kuyasemea kila maoni ya umma yanapoombwa.

La kwanza, kufuli isipunguze kilichouzwa. Uwezo ambao kifaa kilikuwa nao siku ya mauzo usiondolewe kwa mkataba ambao mnunuzi hakushiriki. La pili, masharti yaandikwe juu ya sanduku kwa lugha anayoielewa mnunuzi, Kiswahili kikiwamo. Ikiwa soketi fulani ina tarehe ya mwisho, tarehe hiyo ijulikane kabla fedha hazijatolewa. La tatu, ruhusa ya kunukuu kwa ajili ya mafundisho, uhakiki na hifadhi iambatane na ruhusa ya kuifungua kufuli kwa madhumuni hayohayo. Haki isiyo na njia ya kutekelezwa ni kama chakula kilichochorwa ukutani.

La nne ndilo husahauliwa zaidi. Hakimiliki ina mwisho. Nchini Kenya, hakimiliki ya kazi za sauti na picha hudumu miaka 50. Nchini Marekani filamu nyingi za studio hulindwa kwa miaka 95. Baada ya hapo kazi huwa mali ya watu wote. Kufuli haina saa ndani yake. Haijui kwamba miaka imetimia, wala haitajifungua yenyewe asubuhi ya siku hiyo. Pasipokuwa na sharti kwamba nakala moja isiyo na kufuli iwekwe katika hifadhi ya taifa, vizazi vijavyo vitarithi diski ambazo kisheria ni zao na kiufundi si zao.

Wenye filamu wana haki ya kulindwa dhidi ya wezi, na haki hiyo haipingwi hapa. Kinachopingwa ni kulinda kazi kwa kumshuku kila anayeitazama. Mwaka 2010 lango la dijitali lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Waliozibiwa dirisha walikuwa wanunuzi na walimu. Wanazuoni wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kuyapima maneno kabla ya kuyakubali, wanaweza kuanza kwa kuukataa msamiati uliowafanya watu hao waonekane kama tundu la kuzibwa.